Penalti Tano, Njia Tatu

Mara ya kwanza mashine iliponishinda nilicheka mpaka shefu wetu, mkuu wa ofisi, akaenda kufunga mlango, akiogopa watu wa ofisi za jirani wasije wakatusikia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na watoto wawili. Kazi yangu katika kampuni ya madini pale Likasi ilikuwa kupiga namba: tani za shaba zilizotoka Shituru, saa za wafanyakazi, magunia ya unga waliyogawiwa. Lakini miaka hiyo namba zenyewe zilikuwa zimepungua. Mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine, wataalamu wa kigeni walikuwa wamepanda ndege zao, na kompyuta kubwa ya zamani, iliyojaza chumba kizima, ilikuwa imezimwa na kufunikwa turubai. Tulibaki watu wawili, mimi na shefu, na ordinateur moja, kompyuta ndogo ya mezani, iliyofanya kazi siku umeme ulipopatikana.

Shefu alikuwa mzee wa tai. Hata siku ambazo hatukuwa na karatasi wala kazi, alikuja na tai, kiatu kimepigwa rangi, akaketi mbele ya mashine kama daktari mbele ya mgonjwa. Kwa kukosa cha kufanya, alikuwa ameandika mchezo.

"Ficha haragwe mu mukono moja," aliniambia. "Kushoto ao kuume. Minye sitakuangalia. Machine njo itasema."

Aligeuza kioo cha mashine upande wake. Nikaficha haragwe mkono wa kulia, akasoma jibu la mashine: kushoto. Nikafungua mkono, nikamwonyesha, akaiandikia mashine ukweli. Tukaendelea. Mara kumi za kwanza niliishinda nilivyotaka, nikaanza kuionea huruma. Kufika mara ya ishirini ikaanza kunikamata. Kufika ya arobaini nilikuwa nimesimama, jasho linanitoka, nabadilisha mikono mgongoni kama mwizi, na bado shefu alisoma kwa sauti yake ya kanisani: "Kuume." Nikafungua. Kuume kweli. Hapo ndipo nilipocheka.

"Inaniona namna gani?"

"Haikuone. Inakumbuka." Aligeuza kioo, akanionyesha mistari ya programu. Kila nilipoficha, mashine iliandika nilichofanya mara mbili zilizotangulia, kama nilikamatwa au nilipona, na nilichofanya baada ya hapo. Haikujua kingine chochote. "Muntu anafikiri eko nachagua," shefu alisema. "Kumbe eko nafuata desturi yake. Yeye mwenyewe haijue, lakini machine imeishaijua."

Nilirudi nyumbani Shituru kwa miguu, na njiani nilikuwa karibu kukimbia. Nilikuwa nimepata wazo, na nilitaka kulifikisha kabla halijapoa.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye ukumbi ambako shaba husafishwa kwa umeme. Siku hizo waliitwa kazini mara tatu kwa juma tu. Siku zilizobaki alikuwa golikipa. Timu yake ilikuwa ya mtaa, timu ya watu wa kambi ya kampuni, jezi zimefuliwa mpaka rangi imekwenda zake. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana, na alidaka mipira ya juu vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona Likasi. Ugonjwa wake ulikuwa penalti.

Nilimkuta anakula bukari. Sikumsalimia hata.

"Papa, penalti ikipigwa, unachagua upande namna gani?"

"Minamuangalia muguu."

"Halafu?"

"Halafu ananifunga." Alimega tonge, akalichovya kwenye sombe. "Juu ya nini unauliza?"

Nilimweleza yote, haragwe, mikono, mistari ya programu. Alisikiliza bila kutafuna. Nilipomaliza, alinawa mikono, akanyoosha mguu mmoja na kuuliza polepole: "Kushoto, katikati, kuume. Machine inaweza kuhesabu tatu?"

"Shefu anasema inaweza kuhesabu hata kumi."

Hakulala vizuri siku ile, wala mimi.

Shefu aliibadilisha programu kwa siku mbili. Akaweka njia tatu badala ya mbili, akaweka jina la mpigaji, akaweka mguu anaotumia. Kilichobaki ni kuilisha. Mashine bila kumbukumbu ni sanduku tu, shefu alisema. Basi mimi nikawa macho yake. Kila Jumamosi na Jumapili nilikwenda viwanjani na daftari la shule, nikachora mshale kwa kila penalti niliyoiona. Mume wangu alijitambulisha kwa timu nyingine kama mtu anayependa kuwazoesha wapigaji wao, na hao wapigaji walifurahi kupata golikipa wa bure.

Jaribio la kwanza lilitutia aibu. Tulikuwa tunacheza na timu ya watu wa reli, ikatolewa penalti, nami nilikuwa nimemwambia mume wangu asubuhi: yule mwenye kipara atapiga kushoto. Akaruka kushoto. Mpira ukaenda upande wa pili. Kipindi cha pili ikatolewa nyingine, mpigaji ni mwingine, nimesema kulia, karuka kulia, mpira kushoto. Watu walisema golikipa amerogwa. Usiku tukagombana mpaka tukagundua kwamba nilikuwa nimechora kushoto kwa mpigaji, na yeye alikuwa anaruka kushoto kwake mwenyewe. Mashine ilikuwa imesema kweli mara zote mbili. Halafu mume wangu akaanza kuruka ruka mle ndani, mtu mzima, akigonga kichwa kwenye nguo zilizoanikwa, na kila akitua anasema, "Ilijua. Ilijua."

Mwaka ule kombe la mji lilifika fainali kati yetu na timu ya wanajeshi wa kambi. Watu wengi waliogopa hata kuwashangilia wapinzani wa wanajeshi. Wanajeshi wenyewe walifanya mazoezi Alhamisi mchana kwenye uwanja ulio karibu na soko, na kila mazoezi yaliishia kwa penalti. Alhamisi saba mfululizo nilikaa nyuma ya goli pamoja na wamama wauza mboga, beseni la sombe mapajani, nachambua majani. Daftari lilikuwa chini ya majani. Wapigaji wao walikuwa watano. Wa mwisho alikuwa kapiteni wao, na alikuwa kapiteni kweli, wa jeshi, mwenye nyota begani: mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyepiga penalti kana kwamba anaweka barua mezani.

Siku ya fainali umeme ulikatika asubuhi. Lakini shefu alikuwa ameichapa orodha jana yake, na mimi nilikuwa nimeikariri. Tulipatana ishara. Nitasimama nyuma ya goli na kitenge changu cha manjano. Kikiwa bega la kushoto, aruke kushoto kwake. Bega la kulia, kulia. Kikiwa kichwani, asimame katikati. Safari hii tulikuwa tumekubaliana kushoto ni kwa nani.

Dakika tisini ziliisha bao moja kwa moja. Vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye meno. Refa akaweka mpira.

Wa kwanza wao: kitenge bega la kulia. Mume wangu aligeuka kuchukua chupa ya maji, akaniona, akarudi. Aliruka kulia, mpira ukaja kulia, ukamgonga kiganja ukatoka. Sauti iliyotoka kwa watu sijawahi kuisikia tena. Wa kwanza wetu alifunga. Wa pili wao: bega la kushoto, lakini jamaa akapiga katikati, likawa bao. Nilianza kufikiri mashine imetuacha, imechoka na Likasi kama wengine wote. Wa tatu: kushoto, mume wangu akaufikia kwa vidole lakini ukaingia. Wa nne: kichwani. Nilikifunga kitenge kichwani. Yule askari alikimbia kwa nguvu zote, golikipa akasimama wima kama mlingoti, na mpira ukamjia kifuani. Hata hakuanguka. Aliukumbatia.

Kwa upande wetu watatu walifunga na mmoja alipaisha juu ya mwamba. Kwa hiyo tulikuwa na matatu, wao mawili, na kapiteni akaja kwa mkwaju wao wa mwisho. Akiukosa, kombe ni letu. Aliweka mpira, akarudi nyuma hatua nne, akainua macho. Mashine ilikuwa imesema kushoto kwa golikipa. Niliteremsha kitenge kutoka kichwani nikakiweka bega la kushoto, na katika kukiweka nikaona kapiteni ananitazama. Hakumtazama golikipa. Mimi. Kwa sekunde moja nilidhani atabadilisha. Hakubadilisha. Alipiga kushoto, mpira wa chini, mzuri, na mume wangu alikuwa ameishafika huko anaungojea.

Walimbeba. Nilipoteza kiatu kimoja. Shefu, mzee wa misa ya alfajiri, alikuwa ameketi juu ya ukuta, tai imegeukia mgongoni, anapiga kelele maneno yasiyoeleweka. Na katikati ya vurugu ile nikamwona kapiteni bado amesimama pale pale pa penalti, mikono kiunoni, anaangalia kitenge changu.

Alikuja ofisini Jumanne, peke yake, bila bunduki. Shefu alisimama wima.

"Minatafuta mama wa kitenge," kapiteni alisema.

"Njo minye," nikasema.

"Nani alikuambia nitapiga upande ile?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa na kiburi, na furaha ilikuwa bado haijatoka mwilini. Nikainyooshea kidole mashine. Alivuta kiti, tukampa haragwe. Alicheza mara sitini. Alianza kwa tabasamu la mtu anayewafurahisha watoto, akamaliza akiwa amevua kofia, shati limelowa, na kila mashine ilipomkamata alijipiga paja. Alikuwa amefurahi kama mimi siku ile ya kwanza. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya mbele yetu. Alitoa mfukoni kizibo cha chupa, akakirusha hewani, akakiangalia kimeangukaje, ndipo akaficha haragwe. Akafanya hivyo mara ishirini. Mashine ilipotea kabisa. Ilikosa na kupata bila mpango, kama mtu anayepapasa gizani.

"Juu ya nini sasa haijue?" aliuliza.

"Juu haiko weye unachagua, Kapiteni," shefu akamjibu. "Kizibo hakina desturi."

Kapiteni alikirudisha kizibo mfukoni. Kisha akaanza kutuambia. Vita ilikuwa imeanza mashariki, sote tuliisikia redioni. Aliwahi kupelekwa nje kusoma, na huko aliambiwa kwamba majeshi ya nchi nyingine yana mashine zinazofikiri: zinahesabu adui alipita wapi jana na juzi, zinasema kesho atapita wapi. "Siye tuko na bunduki tu, na tunabahatisha," alisema. "Minataka kujaribu. Hapa hapa, mbele ya vita kufika."

Alikuwa na mahali pa kujaribia. Kwenye barabara ya kutoka mashambani askari wake waliweka kizuizi, na kila aliyepita na mzigo alipunguziwa. Kulikuwa na watu waliokikwepa kwa njia tatu: kando ya reli, kando ya kijito, na juu ya kilima. Askari hawakutosha kukaa kwenye njia zote. Angeniletea daftari la siku zilizopita, nyayo zilionekana wapi, askari walikuwa wapi.

Sitasingizia kwamba alinilazimisha. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Njia tatu. Kushoto, katikati, kulia. Mikono iliniwasha kutaka kuanza.

Daftari lilikuja, nikaliingiza asubuhi moja umeme ulipokuwa mzuri. Lilikuwa zuri kuliko penalti zote. Waliokamatwa kijitoni siku moja walikwenda relini siku mbili, halafu kilimani, halafu wakarudi kijitoni kama waliosahau. Niliiona desturi yao mwenyewe kabla mashine haijasema. Nilimwita shefu aje aone, akaangalia, akasema ni kweli, lakini hakuketi. "Aba ni banani?" aliuliza. Nikasema sijui, ni watu wanaokwepa kizuizi. Nikaandika kwenye kikaratasi: kesho, reli. Askari aliyetumwa akakichukua.

Kesho yake, mchana, mama mkwe wangu alifika nyumbani bila beseni. Alikuwa mjane mwenye shamba la mahindi kilomita nyingi nje ya mji, na tangu unga wa kampuni uanze kukosekana, mahindi yake ndiyo yaliyotulisha, sisi na nyumba nyingine mbili. Siku zote alituambia anapita barabarani, kwamba askari humwacha kwa sababu ya umri wake. Aliketi kwenye mkeka, akavua viatu, akaangalia miguu yake.

"Baaskari balikuwa ku reli," alisema. "Banatungojea. Siye bamama kumi na mbili. Balibeba yote, na beseni yangu ile ya maua. Ni kama muntu aliwaambia."

Mume wangu aliniangalia. Nilikuwa nimemsimulia jana yake kuhusu reli, kwa furaha, hata nikamchorea. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba penye bomba lililokauka. Nilikuwa nimempigia mama huyu penalti mimi mwenyewe, na nilikuwa nimefurahi.

Nilirudi ndani nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu haragwe. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza hadi mwisho, akiwa anajikanda nyayo.

"Hiyo machine inanijua minye?"

"Haikujue, mama. Inajua desturi ya miguu yenu tu."

"Na kama miguu haina desturi?"

Hapo nikakumbuka kizibo cha kapiteni, na nikainuka haraka kiasi kwamba nilimwogopesha. Nilileta haragwe tatu, nyeupe, nyeusi na nyekundu, nikazitia kwenye mfuko. Nyeupe ni reli, nyeusi ni kijito, nyekundu ni kilima. Asubuhi kabla ya kuondoka shambani, mmoja wao afumbe macho, atoe moja. Wasibishane nayo. Wasiseme jana ilikuwa hivi. Waende ilikosema.

Alilichukua jambo lile kwa bidii ya ajabu. Jioni baada ya jioni alinipa habari zake, akicheka, kwa maana ugumu haukuwa askari, ugumu ulikuwa wamama wenyewe. Haragwe nyekundu ilipotoka siku tatu mfululizo, nusu yao walikataa kupanda kilima, wakasema mfuko una kasoro, wengine wakataka kuuombea. Mama mkwe alisimama mbele yao akasema anayetaka kuchagua kwa akili yake aende, na akawaacha. Kilimani hapakuwa na askari hata mmoja. Toka hapo hakuna aliyebishana. Si kwamba hawakukamatwa tena. Walikamatwa mara moja moja, kwa bahati mbaya tu. Lakini mahindi yalifika.

Mimi niliendelea kulisha mashine daftari la kapiteni bila kubadilisha hata alama moja, na mashine iliendelea kutabiri kwa uaminifu, na kukosa. Majuma matatu baadaye kapiteni alikuja mwenyewe. Shefu alikuwa ametoka. Kapiteni aliketi, akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini, halafu chini hadi juu.

"Aba bantu banarusha kizibo," alisema.

Nilipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Zamani hawakuwa banarusha. Kuko mwenye aliwafundisha." Aliinua macho, na yalikuwa macho yale yale ya pale uwanjani, yaliyopita juu ya golikipa na kunifikia. Nilifikiria watoto wangu. Nilifikiria gereza la Buluo. Nikaona afadhali niseme mwenyewe.

"Moja yao ni mama wa bwana yangu, Kapiteni. Balibeba beseni yake."

Alikunja daftari. Kwa muda mrefu alilipigapiga gotini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba juma lijalo wanapelekwa mbele, yeye na vijana wake, kwenda kukutana na wale wanaotoka mashariki. Barabara za huko ni za msitu, na adui ana subira. "Naye atahesabu desturi yangu," alisema. "Saa gani minatoka, njia gani minarudia. Minye njo sasa niko mama wa mahindi." Akanisogezea kiti karibu na mashine. "Nipe na minye hiyo dawa."

Niliandika programu ya mistari minne. Haikukumbuka chochote, haikutabiri chochote. Ilirusha kizibo tu, kwa haraka ya mashine, mara elfu. Moja, mbili, tatu. Njia, saa ya kuondoka, saa ya kupumzika. Printa ilipiga kelele, karatasi ndefu yenye matobo pembeni ikashuka mpaka sakafuni, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nahisi ile furaha ya zamani inarudi, safari hii nikiwa najua inatoka wapi. Aliikunja karatasi mara nyingi, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mlangoni alisema beseni la maua liko kizuizini, atalituma. Alilituma kweli, kesho yake.

Hatukumsikia tena kwa miezi. Kisha redio ikaanza kutaja miji iliyo karibu zaidi na zaidi, na siku moja asubuhi, tukiwa tumefunga madirisha kama mji mzima, mtu alibisha mlango wa nyuma. Alikuwa yeye. Bila nyota, bila buti, miguu imevimba. Mume wangu alisimama kati yake na watoto.

"Golikipa," kapiteni alisema, "uko na shati ya raia?"

Mume wangu alimtazama mtu aliyekuwa amemnyima kulala kwa majuma saba. Alikwenda chumbani akarudi na shati lake zuri, la misa, na kandambili. Mama mkwe alimpa bukari, akala amesimama. Kati ya tonge na tonge alisema nami.

"Karatasi iliisha, vita haijaisha. Lakini siku zote ilikuwa mu mufuko, hawakutukamata njiani hata mara moja. Bijana bote beko bazima. Kila moja ameenda kwao." Alimeza. "Baaskari bengine, bale ba njia ya kila siku, hapana."

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema upande wa Zambia, kwa dada yake. Nikamuuliza anapita njia ipi, na hapo alicheka, kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu ile siku ya haragwe, akasema hilo hataniambia mimi.

Wapya, wale wa kutoka mashariki, walifika siku chache baadaye. Mji mzima ulikuwa umekisia watatokea reli, watatokea milimani, watatokea machimbo ya Shinkolobwe. Walitokea barabara kuu, mchana kweupe, kwa mistari miwili, wamevaa mabuti ya mpira, wengi wao vijana sana, wanaimba. Hakuna risasi iliyopigwa mtaani kwetu. Tulifungua madirisha.

Ofisi ilifunguliwa baada ya juma moja. Shefu alikuja na tai yake, tukaondoa vumbi, mashine ikawaka. Tuliketi tukaiangalia. Hakukuwa na tani za kupiga, na mimi sikutaka tena penalti wala njia za watu.

"Tuifundishe nini sasa?" shefu aliuliza.

Nilikuwa nalifikiria tangu jana yake. Bomba la kambi yetu lilitoa maji siku lilipotaka, kwa nusu saa, halafu likanyamaza siku nne, na wanawake walikesha na ndoo kwa kuhofia kuyakosa. Lakini mtu fulani kule kwenye pampu ndiye aliyekuwa anafungua, na mtu huyo ana desturi, hata kama haijui. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikigawa karatasi: andikeni siku, andikeni saa, andikeni kama umeme ulikuwepo. Walioandika ni wamama, wakiongozwa na mama mkwe, ambaye hakujua kuandika na kwa hiyo aliwasimamia wengine kwa ukali. Baada ya miezi miwili tuliilisha mashine. Ikasema Alhamisi, saa nne asubuhi.

Alhamisi ile ndoo zilipangwa kuanzia bombani mpaka kona ya tatu. Saa nne ikafika, hakuna kitu. Saa nne na robo, watu wakaanza kuniangalia vibaya. Mume wangu aliweka sikio kwenye bomba. Saa tano kasoro dakika ishirini alinyoosha mkono, kama anavyofanya kuwanyamazisha mabeki wake, na sote tukanyamaza. Bomba lilikohoa, likatema kutu, likatema hewa, kisha maji yakaja kwa nguvu mpaka ndoo ya kwanza ikapinduka, na wamama wakapiga vigelegele hadi kule kwenye lango la kiwanda.